Mdudu wa Saa Moja Asubuhi

Jumanne, 7 Mei

Kompyuta imeingiwa na wazimu. Sina neno lingine.

Saa kumi kamili alasiri mzee alikuwa kwenye kiti chake, mikono juu ya magoti, tayari kusema. Ndivyo tunavyofanya kazi: kwanza namsomea ukurasa wa jana, halafu yeye anaendelea na mimi napiga chapa. Badala ya ukurasa — dirisha jekundu. HONGERA! UMESHINDA! Nimeshinda nini? Sikushindana na mtu! Nikalifunga. Yakaja mawili. Nikafunga mawili, yakaja manne. Mwanamke mmoja amenikenulia meno, ananiambia mashine yangu inaumwa, nibonyeze hapa aitibu. Mchawi na mganga mtu yule yule!

Nikaachana naye, nikaenda kwenye folda yetu, SAA ZA MZEE. Ipo. Ila pembeni imeota kimshale kidogo ambacho jana hakikuwepo. Nikabonyeza. Kitu cheusi kikapita kwenye kioo, kikapotea. Folda haifunguki. Nikabonyeza tena, na tena. Haifunguki.

Kitabu chote kimo humo. Saa hamsini na nane, miezi kumi na minne ya kazi! Mume wangu alikuwa fundi saa miaka arobaini, mji mzima unamwita Bwana Saa, mpaka macho yakamwisha. Kila saa aliyoifufua ina kisa chake: ya nani, ilisimama kwa nini, alikuta nini ndani. Anataka ziwe sitini. Zimebaki mbili.

Na nakala hakuna. Nilitaka tutoe kwenye karatasi kila mwezi, akakataa. Mwenye saa haonyeshwi saa yake kabla haijatembea, ndivyo anavyosema. Nikakubali. Mimi! Karani wa chapa miaka thelathini, sijawahi kupiga barua bila karatasi ya kaboni chini yake. Kitabu cha mume wangu ndicho nimekiacha uchi.

Kinachonitisha zaidi sikitaji mbele yake. Tangu mwaka jana anasahau. Daktari alisema itakuwa kidogo kidogo. Wiki iliyopita aliniuliza mara tatu kama dada yake amekuja, na dada yake alikuwa ameketi hapo hapo. Aliyoyasema mwaka jana sidhani kama anaweza kuyasema tena.

Nimemwambia umeme hautulii, tupumzike leo. Akasema mbona redio inaimba. Nikasema ile ni ya betri. Akageuza uso upande wa redio. Sikupenda.

Jumatano, 8 Mei

Nimemwita fundi wa kompyuta, yule mama mwenye kibanda kando ya duka la fotokopi. Mtu wa makamo, miwani imefungwa uzi shingoni, anazungumza na mashine kuliko anavyozungumza na watu. Mzee nilimpeleka uani akakae na dada yake. Nikamwambia kuna mtu anakuja kuangalia soketi. Uongo wa pili huo, na bado hata wiki haijaisha.

Fundi akapiga chafya, akaandika mambo yake kwenye dirisha jeusi, akasema, Mama, mafaili hayajaenda popote, yamefichwa tu. Na kweli! Folda ikarudi. Nikapiga kigelegele kidogo, mkono mdomoni.

Mapema mno. Nimefungua saa ya kwanza: vijisanduku. Ya pili: alama za kuuliza, vijisanduku, herufi zenye pembe. Ya tano, ya kumi, ya hamsini. Hakuna hata neno moja la binadamu.

Kumbe wadudu ni wawili. Mmoja anaficha, mwenzake anatafuna. Fundi anasema faili likitafunwa mara moja linaungika. Anayo programu ya kuunga, inakwenda polepole, na mashine ikae safi siku mbili nzima. Baada ya hapo ndipo atachomeka diski yake, atoe kila kitu, mdudu asituone tena. Kabla ya hapo hachomeki. Diski yake ina kazi za watu, haiwezi kuguswa na kidonda.

Nikauliza, wakitafuna tena? Mara ya pili, anasema, tutahangaika. Ya tatu — akavua miwani — ya tatu sitakudanganya, mama.

Akawaua wote mbele yangu. Nilihesabu: thelathini na saba. Halafu akauliza nani anachomeka vitu humu. Nikasema hakuna. Flashi? Hatuna flashi nyumba hii. Simu? Simu yangu ni ya vitufe. Akacheka, akasema kikulacho ki nguoni mwako, nitafute humu humu ndani.

Humu ndani nani? Mimi na kipofu!

Nimechomoa intaneti. Kile kisanduku chake nimekitia kwenye droo ya soksi. Waje sasa.

Alhamisi, 9 Mei

Wamekuja.

Asubuhi mashine ilikuwa nzima, nimeiona kwa macho yangu. Niliiwasha kama kila siku kabla sijatoka, maana inachelewa kuamka. Nikaenda kutembea kwa ajili ya presha, nikapitia maziwa. Nimerudi saa moja na robo — dirisha jekundu, HONGERA, na yule mwenye meno. Folda ina kimshale. Nikaweka maziwa chini, nikafungua droo. Kisanduku cha intaneti kimelala kwenye soksi, baridi kabisa.

Sasa wamepitia wapi? Sielewi. Wanapenya ukutani? Nimewaza labda walikuwa bado ndani, wamejificha, wananicheka. Nimempigia fundi. Anasema haiwezekani, aliisafisha kama sahani. Atakuja Jumamosi. Hiyo ni mara ya pili, akasema, kana kwamba sijui kuhesabu.

Mchana nilijipanga kumwambia mzee. Nilipanga hata maneno. Saa kumi akakaa, akaweka mikono magotini, akasema, Karani — ndivyo anavyoniita akiwa na furaha — nisomee saa ya mkunga, ile ya hamsini na saba, nataka kusikia kama imekaa sawa.

Nikaangalia kioo. Yule mwanamke ananikenulia. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaanza kusoma.

Mwanzo niliukumbuka. Mkunga aliingia dukani siku ya mvua. Baada ya hapo giza! Nikatunga. Nikasema saa yake ilikuwa ya kubana kifuani, na ilisimama saa aliyokuwa akipokea mapacha, akabaki hajui nani alitangulia kuzaliwa. Nikasema kioo chake kilikuwa na mikwaruzo ya kucha za wazazi waliomng'ang'ania kwa uchungu, na mkunga akakataa kata kata isisuguliwe. Sijui maneno yalitoka wapi. Sikuwahi kutunga hata barua ya mapenzi, za mapenzi alikuwa akiandika yeye.

Nikamaliza. Halafu akauliza, Nilisema hivyo mimi?

Nikasema ndiyo.

Basi nilisema vizuri, akasema.

Nimekwenda jikoni nikasimama tu, mkono kwenye bomba, maji yanatiririka. Kama amesahau kisa chake mwenyewe, kitabu hakina pa kurudi. Kama hajasahau, basi amekaa pale akinisikiliza nadanganya. Sijui lipi baya zaidi.

Ijumaa, 10 Mei

Nimeukata usingizi kwa hesabu. Nyumba hii wanaingia watu watatu: mimi, mzee, na wifi yangu, dada yake mzee, anayekuja kila siku kumpeleka kunyoosha miguu. Mimi siye. Mzee hata kitufe cha kuwasha hakioni. Nani amebaki?

Nikamuuliza. Vizuri tu! Nilianza vizuri. Akakiri kwamba mwezi wa pili aliwahi kuifungua kompyuta kutazama mishono ya magauni, na kulikuwa na picha ya viatu, akabonyeza. Nikasema unaona! Nikasema na mengine ambayo sitayaandika.

Akajifunga kanga yake, taratibu, fundo moja, la pili. Akasema, Wifi, tangu uolewe hapa umenisingizia mengi, ila kumtia mtu ugonjwa hilo jipya. Na kwamba mguu wake hautakanyaga hapa mpaka hiyo kompyuta imwombe radhi.

Afadhali. Tutaona sasa.

Jumamosi, 11 Mei

Fundi amesafisha tena. Wadudu arobaini na mmoja safari hii, wamezaana. Ameacha ile programu inaunga. Inaandika chini ya kioo: saa 1 kati ya 58. Mashine isizimwe mpaka Jumatatu jioni. Nimeifunika kwa shuka, na kutoka mguu wa kiti mpaka mguu wa meza nimefunga uzi mweusi wa kushonea. Atakayevuta kiti kuketi, uzi utakatika.

Mzee ananuna kidogo. Jumamosi ndiyo siku dada yake humpeleka kwa muuza nyimbo, wakajaziwe nyimbo mpya kwenye kijiti cha redio. Leo hakuna aliyekuja. Anauliza mmegombana? Nikasema nani, sisi? Hata!

Uongo wa ngapi huu? Nimeacha kuhesabu.

Jumapili, 12 Mei

Safi! Siku nzima safi! Sikutoka, muuza maziwa hafungui Jumapili. Mzee naye kachelewa kuamka, hata saa ya ukutani hakuitia ufunguo. Jumapili haitii kamwe. Springi nayo ina haki ya kupumzika, ndiyo dini yake.

Uzi mzima. Saa 31 kati ya 58. Nimefungua moja kwa kuiba, ya mwalimu wa hesabu ambaye saa yake ilikuwa ikikimbia dakika tisa kila siku na yeye akawa anafika kwake mapema kuliko mkewe alivyopenda. Maneno yapo! Nusu vijisanduku, nusu maneno, lakini yapo! Nimeisoma huku machozi yananitoka na nacheka. Kwa hiyo ni wifi. Nilijua. Nilijua tangu mwanzo.

Kesho saa kumi na moja jioni fundi analeta diski yake.

Jumatatu, 13 Mei

Mara ya tatu.

Nilikwenda maziwa. Dakika arobaini. Uzi mzima! Shuka iko vile vile, imeinuka kidogo tu ubavuni. Mlango nilifunga mwenyewe kwa nje. Na ndani ya shuka — jekundu. Programu imesimama, inasema imeshindwa, inauliza kama nataka kujaribu tena. Ile saa ya mwalimu wa hesabu imerudi kuwa vijisanduku.

Nilikaa sakafuni. Sikulia. Nilikaa tu. Mzee akauliza kutoka chumbani, Karani, mbona umekaa chini? Alijuaje? Anasikia magoti yangu, anasema.

Nimempigia fundi. Atakuja Jumatano, aangalie kilichobaki. Hakusema atatengeneza. Alisema aangalie.

Na wifi hajakanyaga hapa tangu Ijumaa. Siku tatu! Kwa hiyo siye. Nilimsingizia mtu wa watu bure. Jioni nimekwenda kwake, mkononi kitambaa cha gauni nilichokuwa nimejiwekea. Akakipokea, akakipima na mwili mbele ya kioo, akasema rangi ni ya kizee lakini amesamehe. Halafu akaniuliza kinachonisumbua hasa ni nini, nikamwambia yote, mpaka ile ya mkunga. Alishika kichwa. Akasema, Mwambie kaka. Nikasema nitamwambiaje? Akasema kwa mdomo.

Hawa watu mambo yote kwao ni rahisi.

Nimerudi, nimepanga akilini. Si mimi, si wifi, si intaneti. Siku ya Jumapili mdudu hakuja. Alhamisi alikuja, Jumatatu alikuja, mara zote mimi niko maziwa. Mdudu anajuaje kwamba nimetoka? Mdudu anajuaje Jumapili?

Jumanne, 14 Mei

Nimemwona.

Nilitoka na kopo la maziwa kama kawaida, nikaaga kwa sauti, nikafunga mlango. Nikazunguka nyumba, nikaingia kwa mlango wa uani, viatu mkononi, kwenye nyumba yangu mwenyewe. Nikasimama nyuma ya pazia la ukumbi.

Mzee akatoka chumbani, kavaa shati lake la mfuko. Akaenda kwenye saa ya ukutani, akafungua kidirisha, akatia ufunguo. Mizunguko kumi na minne, midomo inahesabu. Akafunga. Akaenda kwenye redio, akachomoa kijiti cha nyimbo. Akakipuliza, akakipangusa kwenye shati. Halafu akaja mezani. Hakugusa kiti. Alisimama ubavuni, akainua shuka, dole gumba likatembea ubavuni mwa kompyuta kama lilivyokuwa likitafuta mfuniko wa saa, likapata tundu. Akachomeka. Mashine ikalia tink. Akatabasamu!

Akahesabu mpaka mia. Kwa sauti ya chini, bila haraka. Akachomoa, akashusha shuka, akaipiga mashine kofi la upole, kama anavyomfanyia mtoto wa jirani. Kijiti kikarudi redioni. Redio ikaanza kuimba.

Nilirudi uani, nikavaa viatu, nikaenda kununua maziwa. Nilikuwa nimefika njiani ndipo nikakumbuka.

Siku ile tulipoileta mashine. Ilikuja na karatasi ya maelekezo na mimi nikawa namsomea kwa sauti, haraka haraka, najidai bado nina spidi yangu. Nikasoma: ili kazi yako isipotee, chomeka flashi kila siku. Akauliza flashi ndiyo nini. Nikasema kama hicho kijiti chako cha nyimbo. Halafu chungu kikafurika jikoni, nikatupa karatasi, nikakimbia. Mstari uliofuata sikuusoma. Sijausoma mpaka leo.

Basi yeye kashika alichosikia. Fundi saa! Kwake yeye kitu chochote kinachotembea kinatiwa ufunguo kila asubuhi. Miezi kumi na minne amekuwa akiitia mashine ufunguo, nami niko maziwa. Na kijiti kinakwenda kwa muuza nyimbo, ambako mji mzima unachomeka vijiti vyake.

Alipokwenda kuoga nikakichomoa, nikakimbia nacho kibandani kwa fundi. Akakifungua kwenye mashine yake mbovu ya majaribio. Nyimbo mia mbili na kitu. Vimshale. Wadudu — akaacha kuhesabu. Nikamwomba aangalie vizuri. Labda na kitabu kimeingia. Labda kidogo tu, hata saa moja. Akatafuta, na yaliyofichwa pia. Akasema, Mama, kuchomeka siyo kunakili. Humu kuna nyimbo tu.

Alikisafisha, nyimbo akaziacha. Nikakirudisha redioni kabla mzee hajamaliza kuvaa.

Saa kumi sikumwambia. Nilisema kichwa kinauma. Kweli kinauma.

Jumatano, 15 Mei

Naandika wakiwa hapa hapa chumbani. Sijawahi kufanya hivi. Mwandiko mbaya.

Fundi amekaa na mashine tangu saa nane. Amemaliza. Ametuambia sote wawili, maana safari hii mzee alikataa kupelekwa uani. Alisema soketi gani hii inayotengenezwa wiki nzima, na akakaa kwenye kiti chake.

Alivyosema fundi: hapa kwake ndiyo mwisho. Njia ziko mbili. Ya kwanza, afute kila kitu leo hii, mashine iwe mpya, mdudu aishe kabisa — ila na kilichokuwemo kiishe. Ya pili, aibebe vile ilivyo kwa mwalimu wake, mji mwingine, ana vifaa vikubwa. Miezi. Na ahadi hakuna, pengine atatoa saa kumi, pengine hata moja. Halafu akauliza swali la kazi tu, kwa mazoea, akaujutia mdomo wake papo hapo nilimwona: Je, nakala ipo?

Mzee akasema, Ipo.

Akatia mkono kwenye mfuko wa shati. Akatoa kijiti cha nyimbo, akakiweka kiganjani, akakinyoosha mbele. Kitabu kimo humu, akasema. Nimekitia ufunguo kila asubuhi, sijakosa hata siku moja isipokuwa Jumapili. Karani ndiye aliyenisomea karatasi. Mwambie afute tu.

Fundi akaniangalia. Ndiye aliyekifungua jana, anajua. Anaangalia viatu vyake. Ameniachia mimi.

Nikafungua mdomo. Nikaita, Mzee. Akasema naam.

Akasema nisione haya. Alijua mashine inaumwa tangu Jumanne ile ya kwanza, amesikia vidole vyangu vikibonyeza kimoja kimoja kama mtu anayetafuta funguo gizani, mimi ambaye nikipiga chapa ni mvua. Aliniacha nihangaike kwa sababu nilikuwa nataka kumficha asiumie, naye hakuumia. Kwa nini aumie? Kijiti anacho.

Halafu akainama upande wangu, akashusha sauti kama vile fundi hayupo. Saa ya mkunga, akasema, ilikuwa saa ya mezani. Ya kengele, miguu mitatu, mmoja umevunjika. Hakuna mapacha. Nilikuta mende ndani. Lakini yako nzuri kuliko yangu, na hiyo haimo humu kwenye kijiti, uliitunga juzijuzi tu. Kaiandike, Karani, kabla hujaisahau.

Miguu mitatu! Mmoja umevunjika! Mende! Anakumbuka! Basi kwa nini alimsahau dada yake ameketi hapo hapo? Anakumbuka saa na anasahau watu? Anakumbuka zote hamsini na nane, au hii moja tu, na nikimwambia kijiti kitupu, kipi kitamvunjika kwanza? Sijui. Haki ya nani sijui. Nimesema ngoja, nimechukua daftari hili na kalamu, nikakaa. Fundi nadhani anafikiri natafuta namba ya siri. Ukweli ni kwamba nikiandika sijibu.

Mkono wake bado uko mbele, wazi, kijiti katikati. Umeanza kuchoka, naona kiwiko kinashuka. Fundi ameuliza tena, polepole, Mama, nifute?

Mzee ameinua kichwa. Nasikia kalamu, anasema. Unaandika nini?

Nimemwambia, Nakala.

Amecheka kidogo. Amesema basi niandike vizuri, na huo mkono wake niupokee, unauma.